Kopo la Scola

Regina wa Mwandiga alikuwa mtu mwema, msije mkamfikiria vibaya kabla sijamaliza. Scola alipoikimbia vita ya Burundi, akashushwa na mtumbwi Mwamgongo, akafika Mwandiga na sufuria moja na nguo alizovaa, ni Regina aliyempa chumba cha uani, akamtandikia mkeka na kumpikia. Wenzake walipopelekwa kambini, Regina alimng'ang'ania, akawaambia watu huyu ni mdogo wangu, haendi popote. Kiha cha huyu na Kirundi cha yule vilielewana bila shida. Wakawa wanauza mawese pamoja na kuimba kwaya moja, na ukimkuta mmoja peke yake ilikubidi umuulize mwenzake yuko wapi.

Na wote wawili walikuwa na presha. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Zahanati ya misheni ilipata mgeni, Daktari Elinipa, mama wa Kipare aliyekuja kufanya utafiti wa dawa mpya ya presha. Aliwakusanya wagonjwa, wenyeji kwa wakimbizi, akawaeleza taratibu kwamba nusu yao watapewa dawa mpya, na nusu ile ya siku zote. Vidonge vinafanana rangi na umbo, na nani kapewa ipi hata yeye hajui, wala hatajua mpaka kazi iishe. Akawaonya mtu asimpe mwenzake vidonge vyake, maana ataharibu utafiti wote na yeye mwenyewe atatolewa. Basi kila mwezi walipimwa, wakapewa kopo jeupe lenye jina la mtu, wakaenda zao.

Regina aliitaka hiyo dawa mpya kuliko kitu chochote duniani. Mama yake alikufa kwa kiharusi, mdomo umeenda upande, analishwa uji kwa kijiko, na mlishaji alikuwa Regina huyu huyu. Kila kichwa kilipomgonga alijiona yuko juu ya kitanda kile cha mama yake. Hofu hiyo hakumwambia mtu.

Sasa miezi ikapita. Presha ya Scola ikashuka, ya Regina ikagoma. Miguu ya Scola iliyokuwa imevimba ikapungua hadi akavaa viatu vya kufunga, pumzi ikarudi, sauti ikapanda. Mwalimu Bonifasi wa kwaya, mtu asiye na simile, akampa Scola kuanzisha wimbo ambao miaka yote ulikuwa wa Regina, eti dada Regina apumzike kidogo, anahema sana. Regina akacheka na wenzake. Alipofika nyumbani akajifungia ndani akalia mpaka macho yakawasha.

Jamani, wivu ulimla yule mama. Roho ilimuuma hata kumwona Scola anainama kuchota maji bila kushika kiuno. Alijisemea moyoni, hawa wanapewa mahindi, wanapewa blanketi na mafuta, na sasa hata dawa nzuri ni yao? Mimi mwenye nchi nipewe nini? Mwenzake hakuwa amewahi kupokea hata blanketi moja, maana kambini hakukaa, na Regina alilijua hilo vizuri sana. Lakini mtu akishaingiwa na kijicho utamwambia nini? Akaanza visirani: leo dagaa wana chumvi nyingi, kesho uani hakukufagiliwa. Scola alimwomba radhi kwa makosa ambayo hakuyafanya.

Siku moja walirudi kliniki na makopo mapya. Scola aliliweka lake chumbani, akawahi sokoni na dumu la mawese. Regina alisimama uani akiangalia mlango ule uliorudishwa tu bila kufungwa. Akaingia. Alimimina vidonge vya Scola kwenye khanga, akatia vyake ndani ya kopo la Scola, na vile vya Scola akavitia kwenye kopo lake. Moyoni alifurahi, tena alifurahi sana. Mwenzangu ameshafaidi vya kutosha, alijiambia, acha na mimi nionje.

Jua halijazama, Scola akarudi. Alimkuta Regina anamenya mihogo, akaketi karibu yake, mkononi ameshika kopo lake.

"Dada," akasema, "nimewaza njia nzima. Hizi zangu ndizo nzuri, kila mtu anaona. Wewe ulinipa pa kulala. Chukua hizi, mimi nipe zako. Siku ya kliniki tutarudishiana makopo, daktari hatajua."

Regina aliweka kisu chini. Alikataa, akasema daktari amekataza, akasema watafukuzwa wote, akasema yeye hajambo kabisa. Scola alidhani ni aibu ya kupokea. Akainuka, akaingia ndani, akalichukua kopo la Regina rafuni, akatoa kidonge na kukimeza pale pale mbele yake kwa maji ya mtungini. Regina angesema nini? Rudisha, hicho ndicho kizuri? Akabaki na kopo la Scola mapajani, na ndani yake vidonge vyake mwenyewe, vile vile visivyomfaa. Ikambidi aseme asante.

Na kilichomuuma zaidi, ukitaka kujua, hata kwa wema Scola alikuwa amemshinda.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Kila asubuhi Scola alimuuliza anajisikiaje, na kila asubuhi Regina alimeza kidonge alichokijua na kusema anaendelea vizuri. Siku ya kliniki Scola alipimwa, presha ikawa imetulia kama ya msichana. Ya Regina ilipanda hadi Daktari Elinipa akampima tena mkono wa pili, akakunja uso. Walipewa makopo mapya, Scola akayabeba yote mawili. Njiani, walipofika mahali pasipo na watu, Scola alisimama.

"Dada, kumbe tulikosea. Mwezi mzima nimemeza zako, na presha yangu imeshuka. Wewe umemeza zangu, yako imepanda. Basi dawa ni ile ile. Wewe kuna kitu umekiweka moyoni, na ndicho kinachokuua. Niambie, dada yangu, usije ukafa nacho."

Regina aliliangalia kopo jipya la Scola mkononi mwa mwenzake. Angeeleza tu alichokifanya, angepewa pale pale barabarani, kwa sababu Scola ndivyo alivyo. Alifungua mdomo. Akamwona mama yake kitandani, akaona na uso wa Scola ukimngojea, ukimpenda.

"Sina kitu," akasema.

Scola akamsadiki, kama alivyomsadiki siku zote. Akatia kopo lake kwenye kikapu, na lile la Regina akampa Regina.