Ushauri Wangu kwa Wenye Gari Jekundu

Mimi ndiye niliyeandika ile barua, na mpaka leo sielewi nilikosea wapi.

Mwaka ule wa 2001 askari walikuwa wameshamnyang'anya mume wangu Vagheni pikapu tatu. Pale Butembo, mwenye gari zima alikuwa anamfugia komanda tu. Binti yetu Rébecca alikuwa ameolewa Beni, mtaa wa Bungulu, na ndiyo kwanza ana mimba. Ili tuweze kumfikia, Vagheni akaagiza pikapu ya nne kwa rafiki yake wa Dubai. Kontena lilipofunguliwa tukakuta gari jekundu la mashindano, viti viwili, tumbo karibu liguse chini.

Ndani mlikuwa na barua ya Kifaransa. Kiwanda kilikuwa Ulaya, kidogo, na kilikuwa kinakufa kwa kukosa wanunuzi. Kupitia rafiki huyo kilikuwa kimetuazima gari hilo ili tulijaribu, kisha tukiambie kifanye nini jina lake likue. Nilicheka peke yangu. Watu wanaokimbia vita na magodoro kichwani ndio wa kuulizwa habari za mbio? Lakini nimefundisha shule miaka kumi na minne. Nikiulizwa swali, najibu. Niliandika kurasa mbili: liinueni, ongezeni viti, nyuma wekeni sehemu ya mizigo, bati liwe nene. Bila hayo, hapa mtauza kwa nani? Mfanyabiashara mmoja akaipeleka barua Kampala.

Gari likakaa uani miezi saba, kuku wakilala juu yake. Ndipo tukapata habari kwamba Rébecca amejifungua kwa kupasuliwa. Vagheni akasema twende na hichohicho kidude. Kwenye kila shimo nilishuka, nikatembea, nikapanda tena, huku nikiwalaani Wazungu wote wanaopenda kukaa chini.

Kwenye kizuizi komanda alilizunguka gari mara mbili. Akachungulia ndani, akapima viti kwa macho kama vitawatosha askari wake.

« Batu babili tu? Basoda yangu nitabaweka wapi? Hii hapana motokari, ni kitanda ya mutoto. Mupite. »

Tukapita. Nilichanganyikiwa kabisa: tulivushwa na kilema chenyewe.

Bungulu nilimpakata mjukuu wangu. Muuguzi alikataa mama yake asisafiri kabla mshono haujapona, akasema wiki tatu. Rébecca alinishika mkono, akaniuliza kama kweli tutarudi, kwa maana risasi zilikuwa zinasikika upande wa Mavivi.

« Tutarudi, mama, » nilimjibu. « Motokari yetu hakuna mutu anaitaka. »

Nilipofika nyumbani niliandika barua ya pili. Isahauni ile ya kwanza, niliwaambia, msibadilishe kitu. Liacheni hivyohivyo, fupi, jembamba, lisilobeba. Wafanyabiashara wa Butembo walikuwa wameshaanza kuuliza kama yako mengine. Vagheni aliisoma, akakuna kichwa. Aliniuliza ni biashara gani hiyo, kitu kipendwe kwa sababu hakifai. Niliikunja, nikampa yule mfanyabiashara aendaye Kampala.

Wiki ya tatu dereva akafika kutoka Kampala na gari jipya. Lilikuwa refu, viti sita, nyuma sehemu ya mizigo, bati nene. Barua ya kiwanda ilimshukuru Madame Kaswera, yaani mimi: hakuna wakala aliyewashauri kwa uwazi kama huo, na kiwanda kizima kilikuwa kimenifuata. Ile ya pili walikuwa hawajaipata. Tulimsihi dereva atuachie lile jekundu. Akatuonyesha karatasi: jipya libaki, la zamani lirudi. Akaliendesha akaenda zake. Niliona uchungu kama wa kufiwa.

Kesho yake asubuhi tulitoka kumchukua Rébecca. Tungefanya nini? Siku ya ahadi ilikuwa imefika.

Komanda alikuwa palepale. Hakuzunguka. Aligonga bati kwa kiganja, akatabasamu.

« Sasa hii ndiyo motokari. »

Alituomba tushuke, kwa heshima kabisa. Askari kumi na wanne wakaenea wote pamoja na mizigo yao, sawasawa na nilivyoandika. Vumbi lilipotulia, Vagheni aliniuliza tuelekee wapi, maana Butembo ilikuwa karibu zaidi. Nilijifunga kiunoni kitenge nilichokuwa nimemletea mtoto, nikashika njia ya Beni kwa miguu.