Wadudu wa Nakaa Sasa Hivi

Jumatatu jioni Mama alifungua kabati la jikoni kuchukua chumvi, akamkuta mdudu kama buibui amesimama juu ya mfuniko wa kopo. Alimsogeza kwa kidole, akachota chumvi yake, akafunga. Kufikia Alhamisi walikuwa wamejaa nyuma ya sufuria zote, na kila sufuria iliyotolewa ilibidi igongwe kidogo kwanza, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi.

Hakuna aliyepiga kelele. Ila ni vigumu kuishi na kiumbe usiyemjua jina, kwa hiyo jina likaanza kutafutwa mezani wakati wa chakula cha jioni.

"Ni buibui tu," alisema Baba. Yeye alikuwa fundi saa. Alibandika lenzi yake jichoni, akamweka mdudu mmoja kwenye kisahani na kumhesabu miguu. Ilikuwa kumi.

"Buibui ana minane," alisema Binti, ambaye nyumbani walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. "Na mwili wa buibui una sehemu mbili. Huyu ni kipande kimoja, kama punje ya haragwe."

"Basi ni kupe," alisema Kinyozi, mdogo wake Baba.

"Kupe lazima ashibe, Baba Mdogo. Humu ndani aliyeshiba ni wewe."

"Nge, basi."

"Mkia uko wapi?"

"Kauacha kwao. Kwani wewe unatembea na kila kitu?"

Bibi, aliyemzaa Baba na Kinyozi, alitafuna taratibu. Meza ile ilikuwa na viti vinne, na vyote vilikuwa na watu.

"Mama, chakula kinapoa!" Binti aliita.

"Nakaa sasa hivi," Mama alijibu kutoka jikoni, hatua chache tu nyuma yao. "Ngoja nipunguze moto."

Kutoka darini mdudu mdogo, mpya kabisa, akadondoka juu ya kabati. Akanyoosha miguu yake mmoja mmoja, kisha akaenda kujiunga na wenzake.

Mama alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi. Asubuhi alisimama mbele ya meza ya pasi, na jioni mbele ya jiko. Sahani yake aliiweka juu ya mfuniko wa ndoo ya maji, akala akiwa amesimama, mkono mmoja ukikoroga. Kwa kuwa sahani ilirudi tupu kila siku, hakuna aliyewahi kuuliza imeliwaje.

Ni yeye aliyegundua kwamba wadudu wale hawakuwa wavivu. Utando wao haukunasa nzi. Nzi walikatiza katikati yake kama watu wanaopita njia ya mkato. Nyuzi zilianzia kwenye nondo za dirisha, zikazunguka mguu wa kabati, zikarudi, na zote zilikutana nyuma ya Mama, usawa wa kiti. Ijumaa alirudi nyuma kidogo kuutafuta mwiko, na kitu kikampokea kiunoni. Akajaribu kukiachia uzito nusu nusu, kama mtu anayejaribu kiatu dukani asichojua bei yake. Kikabonyea, kikamshika.

Alisimama haraka, akatazama kama kuna aliyemwona. Kisha akatabasamu peke yake mpaka maharagwe yakafurika.

Tatizo ni kwamba Baba alikwisha kumwita mpiga dawa aje Jumamosi.

"Wasipigwe dawa," Mama alisema. "Bado hawajamaliza."

"Kumaliza nini?"

"Kazi yao."

Baba alikuwa mtu wa haki. "Tuwajue kwanza ni nani. Wakiwa watu wazuri, watabaki."

Mpiga dawa alifika na pipa lake mgongoni na bomba mkononi. Kinyozi alinyanyuka papo hapo, bila kuambiwa, akampa mgeni kiti chake, naye akaegemea ukuta.

"Dawa ya mende ninayo, ya kunguni ninayo, ya buibui ninayo," alisema mpiga dawa. "Lakini lazima nimjue mteja. Ukimpulizia mdudu dawa isiyo yake, umemwogesha tu. Anauma?"

"Hapana," walijibu.

"Anakula nini?"

Hakuna aliyejua.

"Analala wapi?"

"Halali," alisema Binti, ambaye alikuwa amewatazama wiki nzima. "Hata kujikunja hajikunji. Wadudu wengine wote hupumzika mahali. Hawa wanasimama tu."

Hapo Bibi akaweka kikombe chini.

"Kitendawili!"

"Tega!" waliitikia wote, pamoja na mpiga dawa.

"Nyumba yangu ina viti vinne na watu watano, na kila ukiwauliza wanasema tumekaa wote."

"Basi la abiria," alisema Kinyozi.

"Mdomo wenye mapengo," alisema mpiga dawa, akaona Bibi anavyomtazama, akaomba radhi.

"Nipeni mji."

Wakampa mji, akaukataa kwa sababu ya vumbi. Wakampa mwingine wenye bandari, akaupokea, akakaa humo kidogo akifurahia upepo. Kisha akasema, "Jibu liko jikoni, linakoroga."

Wote wakageuza shingo. Mama akageuka naye, mwiko mkononi.

"Hawa wadudu nawajua," Bibi aliendelea. "Walijaa jikoni kwangu nilipokuwa nawalea nyinyi. Mtu akisema nakaa sasa hivi, halafu asikae, lile neno haliendi popote. Linaota miguu."

"Mama, wiki nzima tunahangaika!" Baba alimwambia Bibi. "Mbona hukutuambia?"

"Nilikuwa nimekaa," alijibu Bibi.

Mpiga dawa akavua pipa mgongoni, maana liliumiza. "Na dawa yao, Bibi?"

"Mwenye neno akae."

Ikaonekana kazi nyepesi. Wakatazama viti. Kinyozi akasema cha kwake hawezi, kwani hushinda amesimama juu ya vichwa vya watu. Baba akasema hushinda amekaa, na mgongo wake umesahau namna nyingine yoyote. Binti alikuwa na mtihani. Bibi akakishika chake kwa mikono miwili. "Hiki nimekisubiri tangu huyu baba yenu anatambaa. Nampenda mkwe wangu, lakini hiki sikitoi." Wakacheka wote, na Mama akacheka kuliko wote, kwa sababu kila mmoja alikuwa amesema kweli.

Walipokuwa bado wanacheka, wadudu wakafunga fundo la mwisho.

Mama akakaa. Alikaa mzima, na miguu ikaacha sakafu, na ndala moja ikadondoka. Kiti cha nyuzi kikabembea mara moja, kikatulia. Baba alikagua mafundo kwa lenzi, akasema hii ni kazi safi, hata yeye asingeweza. Wadudu wakaanza kutoka kwa mstari kupitia chini ya mlango, miguu kumi kumi, bila kusukumana, na mpiga dawa akawashikia mlango. Mama alikula sahani yake yote ikiwa mapajani, ya moto. Alisema chumvi imezidi kidogo. Hakuwahi kuonja vizuri kabla ya hapo.

Baba akafurahi sana. "Sasa hatuwezi kumwacha ananyanyuka kila dakika," alisema. Akaleta mpira wa gesi mrefu zaidi, akalivuta jiko mpaka lilipofika karibu na mkono wa Mama. Akapigilia msumari wa kutundikia mwiko pale pale. Kinyozi naye hakutaka kupitwa na wema, akasogeza beseni la vyombo upande wa kushoto. Mpiga dawa akasema atakwenda kumfanyia mke wake vivyo hivyo. Mama akapika, akapakua na kuosha, akibembea, na nyumba nzima ikakubaliana kwamba anapumzika.

Jumapili, baada ya kula, watu walianza kupiga miayo na kusukuma viti.

"Mama, huji kulala?" Binti aliuliza.

"Nalala sasa hivi. Ngoja nimalize hivi vyombo."

Kitu kikadondoka juu ya kabati. Kilikuwa na miguu mirefu kuliko ya wale wa kwanza, na mwili bapa, kama mkeka uliokunjuliwa.

Binti akasogea na kuinama. "Huyu si wa juzi."

"Huyo ni wa kitanda," alisema Bibi bila kugeuka.

Mama akasogeza sufuria moja ili mgeni apate nafasi. "Karibu," akamwambia, akakisukuma kiti chake kwa kidole cha mguu, akaendelea kusuuza.