Rangi Iliyobaki Kwenye Mkate

Mwaka wa 1957 nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na nilikuwa nimehudhuria darasa la jioni la kanisa pale Thika kwa mwaka mmoja. Mchana niling'arisha samani katika karakana iliyokuwa karibu na stesheni. Mwenzangu mezani alikuwa Nicanor Opiyo, mtu wa Nyanza, aliyesoma misheni hadi darasa la nne. Macho yake yalikuwa makali. Mkwaruzo ambao sisi tuliutafuta kwa kidole, yeye aliuona akiwa amesimama.

Gundi ya kung'arishia tuliiyeyusha kwa spiriti ya zambarau, ileile ya kuwashia stovu. Debe lake lilikuwa na picha ya fuvu na neno moja. Siku nilipoweza kulisoma bila kusaidiwa, nilimwita Opiyo.

"Su-mu," nikasoma.

"Mwanafunzi amehitimu," akawaambia wenzetu. "Kesho atatusomea mkebe wa chumvi."

Jumamosi moja tulipeleka kabati kwenye shamba la kahawa huko Ruiru. Tulipomaliza kufuta kwa spiriti alama ambazo kabati lilipata njiani, nilimkuta Opiyo nyuma ya ghala. Alikuwa amekata ncha zote mbili za mkate na kuusimamisha juu ya kikombe. Aliumiminia spiriti kwa juu, nayo ikadondoka chini nyeupe kama maji.

"Opiyo, hiyo ni sumu."

"Ilikuwa sumu." Akanionyesha ndani ya mkate, palipokuwa zambarau. "Sumu ni hii rangi. Imebaki hapa."

"Una hakika?"

"Omera, ndugu yangu, mvuta bangi hufungwa. Mpika chang'aa hufungwa. Hii inauzwa dukani mchana, askari akitazama. Ingekuwa mbaya, wangeiacha?"

Kusema kweli, niliona ana hoja. Akanitaka niape kwamba sitamwambia mkewe wala tajiri wetu.

"Siapi," nikamwambia. Miaka ile ya viapo vya Mau Mau, Mkikuyu kama mimi hakuapa kwa mzaha. "Lakini nitanyamaza."

Alichanganya na soda akanywa. Aliimba ndani ya lori hadi Thika, kisha akatembea vizuri tu kwenda kwake Makongeni. Nikasema moyoni, labda kweli rangi ndiyo sumu.

Kesho yake, baada ya ibada, Selpha mkewe alikuja kuniita.

"Shemeji, Baba Aketch ana malaria mbaya. Anatapika tangu asubuhi. Njoo utuombee."

Opiyo alikuwa amelala kitandani, akipumua haraka kama mtu aliyepanda kilima mbio. Alisema kichwa kinamuuma.

"Mama Aketch," akasema, "mbona mmejaza moshi humu?"

Selpha akanitazama. Jiko halikuwa limewashwa.

Nilipiga magoti nikaanza kuomba. Nilitaja malaria. Nikasema, "Bwana, wewe wajua yote," na hapo nikakwama. Mungu alijua. Mimi nilijua. Selpha, aliyekuwa ameshika mkono wa mumewe, hakujua. Niliona kwamba nikiendelea nitakuwa ninamficha Selpha ukweli huku nimefumba macho mbele za Mungu. Nikainuka bila kusema amina.

"Si malaria," nikamwambia. "Jana alikunywa spiriti."

"Muigai," Opiyo akasema kutoka kitandani, "ulisema utanyamaza."

"Nilisema."

Tulimkalisha kwenye baiskeli yangu, Selpha akamshika mgongo, mimi nikasukuma hadi hospitali. Mlangoni Opiyo aliulizwa anaumwa nini, akajibu malaria. Nikarudia nilichomwambia Selpha, nikaeleza na habari ya mkate.

Daktari hakutukemea. Alisema mkate hunywa rangi tu. Rangi huwekwa ili mtu ajue asinywe, lakini sumu ni maji yenyewe, na hayachujiki kwa mkate, mkaa wala kitambaa. Mtu hulewa, hulala, huamka akidhani amepona. Wakati huo ndipo sumu inageuka mwilini na kushika macho. Wengine hufa. Kama tungengoja dawa ya malaria ifanye kazi, alisema, tungemzika. Kuhusu macho hakuahidi kitu.

Walimtia dawa mshipani usiku kucha. Selpha hakunisemesha siku mbili, na nilistahili. Siku ya tatu alinipa uji.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumwona Opiyo nikitoka kazini, nikiwa na kitabu changu cha darasani. Alikuwa ameketi karibu na dirisha. Alijua ni mimi kwa harufu ya vanishi.

"Nipe hicho kitabu," akasema.

Alikifungua, akakisogeza karibu na uso, kisha mbali, kisha kwenye mwanga.

"Ukurasa nauona. Ni mweupe," akasema. "Hawakuandika kitu?"

"Wameandika, Opiyo."

Akakifunga kitabu. "Daktari anasema hivi ndivyo nitakavyobaki. Nitaona mlango, nitaona mtu, sitaona mkwaruzo." Akanirudishia kitabu. "Ungesema Jumamosi, mwanafunzi."

"Ningesema Jumamosi."

"Na mimi nilisoma lile neno kabla yako. Miaka sita nimelisoma." Akaegemea ukuta. "Haya, soma."

Nikasoma polepole, nikifuata mistari kwa kidole. Nilipokosea neno, alinisahihisha kwa kusikia tu.