Kitanda cha Kuhama

Kitanda kilikataa kufunguka. Nilikuwa nimelala chali chini yake, nyundo ya mbao mkononi, vumbi likinidondokea machoni, nagonga kabari ileile bila mafanikio. Nje pikapu ilikuwa inanguruma. Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, hakuwa mtu wa kuzima injini kwa jambo dogo.

"Fundi! Hicho ni kitanda au meli?"

"Vumilia shemeji, kinaniaga!"

Hivyo ndivyo nilivyo. Hata makaburini, siku tunamzika mke wangu, nilimnong'oneza mchimbaji kwamba pembe za kaburi hazijakaa mraba. Alicheka kidogo, kisha akaona haya kwa niaba yangu.

Kitanda chenyewe nilikitengeneza wiki niliyohamia nyumba ile. Binti wa mke wangu alikuwa bado analala na mama yake, kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kama mume ilikuwa kumfukuza mtoto wa watu kitandani. Alinitazama nikipitisha sanduku la zana mlangoni kama mtu anayetazama mvua ikiingia ndani. Baba hakuniita, wala sikumdai. Aliniita Fundi, kama wateja wangu, ila angalau yeye hakuwa akinidai kabati.

Basi nikamfanyia kitanda cha maana: mifumbati ya mbao ngumu, matendegu manene, mchagoni, upande wa kichwa, nikapapiga msasa mpaka pakawa laini kama shavu. Gundi tu ndiyo sikutia. Viungo vyote nilivishikiza kwa kabari. Ukizigonga zinachomoka, na kitanda kizima kinalala chini kama mzigo wa kuni. Vitu vyangu vyote nilivitengeneza hivyo. Mimi nimelelewa na shangazi, kisha mama mdogo, kisha mjomba, kisha mke wa mjomba ambaye mjomba mwenyewe alishamwacha. Utoto wangu nimeubeba kichwani, umeviringishwa ndani ya godoro. Mtu wa namna hiyo akitengeneza meza, kwanza anapima mlango.

Wateja nawatilia gundi, tena ya kutosha. Kwangu, hapana. Na mtoto yule niliona namfanyia hisani.

Kisha mama yake akaugua, na hakuugua sana, akaondoka. Tukabaki wawili tusio na undugu hata wa tone la damu, tukipishana koridoni kwa adabu kama wapangaji. Nilitania, akajibu "Sawa, Fundi." Wakati wa kula yeye aliangalia sahani, mimi nikaangalia kiti cha mama yake. Siku hizi, miaka mingi baadaye, nyumba nzima ni yangu, na kama simu haijalia basi sijasemeshwa na mtu. Lakini hata sasa sijakutana na upweke kama ule wa watu wawili kwenye meza moja.

Ukoo wa mama yake ukakaa kikao, ukaamua binti aende kwa mjomba wake. Hawakukosea. Mjomba ana mke, ana watoto wa rika lake, ana nyumba yenye kelele. Waliponigeukia nikasema, "Nyinyi ndio wenye mtoto." Alikuwa amesimama mlangoni, ameanza kunifika mabegani wakati huo. Aligeuka, akaenda zake chumbani. Mimi nikajiona muungwana.

Sasa, pale chini ya kitanda, niliwasha tochi nione kabari imekwama wapi.

Gundi. Kila kiungo. Mtu alikuwa amezichomoa kabari moja moja, akazipaka, akazirudishia kwa nguvu zake zote. Alitia nyingi kupita kiasi, ikachuruzika na kukauka ikiwa na alama za vidole vyembamba, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba inayozidi hufutwa.

Nikageuza shingo. Kizingitini niliona miguu yake tu.

"Nani ametia gundi hapa?"

"Si unajua."

"Umemaliza kopo zima."

"Vitanda vya watu unavitia," akasema. "Changu tu ndicho hukutia. Tangu siku ile ulikuwa unajua nitaondoka."

Nilifungua mdomo nitanie. Liliingia vumbi, haukutoka mzaha.

Nikajikongoja hadi nje, nywele zimejaa vumbi. "Shemeji, kitanda hakitoki."

"Basi kiache! Kwani mimi nimefuata mbao? Mlete mwanangu twende, atalala na wenzake."

Kumbe nilikuwa nategemea kitanda kinisemee mimi. Kilikuwa kimeshasema chake, na hakikutosha.

"Na yeye haendi," nikasema.

Shemeji akazima injini. Sikujua kwamba mtaa wetu unaweza kuwa kimya kiasi kile.

"Kwa haki ipi, Fundi? Wewe ni nani wake?"

"Haki sina, shemeji. Naomba."

Akanikodolea macho, akitafuta kichekesho usoni mwangu, maana ananijua. Alipokikosa akamgeukia binti, aliyekuwa amenifuata mpaka barazani. "Na wewe mama, unasemaje?"

"Huyu anachemsha mayai mpaka yanakuwa ya kijani. Nikimwacha atakufa, halafu mtasema mimi ndiye niliyemuua."

Shemeji alicheka peke yake. Akafuta uso kwa kiganja, akasema atakuwa anapita kumwangalia mtoto, na kwa mtoto alimaanisha mimi. Kisha akawasha pikapu yake tupu.

Nilitegemea furaha. Pikapu ilipokata kona, nyumba ilikuwa ileile, na mama yake bado hakuwemo. Binti akaingia chumbani, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekuwa akingoja kwanza ajue atalilia katika nyumba gani.

Nikasimama koridoni, mikono mitupu. Mlango nauweza. Kilio sikiwezi. Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye ubao wa mlango, na jua likahama ukuta mmoja hadi mwingine bila mimi kuhama.

"Fundi. Bado upo hapo?"

"Nipo."

Nilikuwa na neno la kuchekesha mdomoni, lilikuwa zuri kabisa. Nikalimeza.