Ukucha wa Kidole cha Mwisho

Asubuhi ya mtihani wa vitendo wa Usanifu wa Vitambaa, Rizvana alifunga nukta chache za mtandio wa harusi kabla ya chai. Aliinua hariri kwa ukucha mrefu wa kidole cha mwisho, akazungusha uzi, akakaza, akahamia nyingine. Palipofungwa rangi haiingii, na ndivyo bandhani, mitandio ya maharusi wa mji wa Jamnagar, inavyopata vidoa vyake, vidogo kama punje za mtama. Macho ya mama yake, Jenabai, yalikuwa yameishia kwenye kazi hiyohiyo, kwa hiyo nyumba ilikula kwa ukucha wa binti.

"Ukirudi tumalizie," mama alisema. "Ramnikbhai anaufuata mtandio wake jioni. Harusi ya watu haingoji."

"Nitawahi, Mama."

Langoni mwa shule Mwalimu Bhavna alikuwa akikagua sare, nywele na kucha. Akamshika Rizvana mkono.

"Nini hiki? Siku ya mtihani unatuletea makucha, bibi harusi?"

"Ni wa kazi, Mwalimu. Wa kufungia bandhani."

"Si zipo za plastiki sokoni?"

"Zile zinachana hariri."

"Sheria ni msumeno, mwanangu. Kata uingie, au rudi nao nyumbani." Akamnyooshea mkasi.

Angeweza kubishana, au kumkimbilia mkuu wa shule. Lakini wenzake walikuwa wanaingia, na bila mtihani huo chuo cha usanifu cha Ahmedabad, alichokitamani, angekisikia kwa jirani tu. Alikata mwenyewe. Kilichomsumbua siku nzima si mkasi. Ni kwamba ukucha ulipoanguka alifurahi. Kwa muda mfupi alijiona hana tena haja ya kuipinda shingo juu ya harusi za wenzake. Kisha akamkumbuka mama yake, akajichukia.

Jioni alimkuta Ramnikbhai, yule mfanyabiashara mwenye kitambaa, ameshavua viatu na kuketi. Sehemu ya pindo ilikuwa bado haijafungwa. Jenabai aliushika mkono wa binti ili auweke juu ya hariri, akakipapasa kile kidole. Akakipapasa tena.

"Shuleni," Rizvana alisema.

"Poleni," Ramnikbhai alisema, akianza kukunja hariri. "Mimi sina neno na nyinyi, dada. Ila mteja wangu hatajitanda visingizio. Sakarben naye ni mfungaji, ataumalizia. Na ule mtandio mwingine niliokuahidi, acha naye aufunge."

"Ukucha unaota, kaka."

"Unaota, ndiyo. Msimu wa harusi nao unakwisha."

Alipoondoka, sakafu pale walipozoea kutandika kitambaa ilibaki wazi. Rizvana hakuthubutu kukaa.

"Nisamehe, Mama. Hawakunishika kwa nguvu. Nilikata mwenyewe."

Jenabai alipapasa sakafu, akaokota vipande vya uzi.

"Swali la mtihani lilikuwa la nini?" aliuliza.

"La bandhani."

"Sasa ulifungaje bila ukucha?"

"Hatukufunga. Hawakuleta kitambaa wala uzi. Tulipewa karatasi na penseli, tuchore mkono unaofunga." Rizvana alikificha kidole ndani ya ngumi, ingawa mama yake asingekiona. "Mwalimu Bhavna alisifu mchoro wangu. Alisema darasa zima hakuna aliyeuchora ukucha vizuri kama mimi."