Pua ya Hafidha

Bi Harusi wa mtaa wa Shela, Harusi likiwa jina lake la kuzaliwa, alikuwa na pua, na hakuna mtu mjini Malindi aliyeachwa asahau. Wenzake walikuwa na pua za kupumulia tu. Yake ilikuwa ya kazi. Arusi za watu wa visiwani hazikufana bila ya udi wake wa kupika kwa sukari na manukato, na akikaa barazani aliweza kukwambia nguo ya mpita njia imefukizwa jana au leo. Alijisifu kweupe, na kwa kuwa aliyoyasema yalikuwa kweli, watu walimvumilia.

Lakini alichojivunia zaidi ni mjukuu wake Hafidha, mtoto wa miaka mitano. Walikuwa na mchezo wao. Bibi humfunga macho kwa ncha ya leso, humsogezea vikopo kimoja kimoja, na mtoto hutaja bila kusita: sandali, zafarani, miski, karafuu. Mama yake mtoto, Hindu, hakuwa na kipaji hicho; huyo hata samaki akioza mvunguni hana habari. "Imemruka binti, ikatua kwa mjukuu," Bi Harusi aliwaambia wateja, na Hindu alicheka tu, maana alishazoea.

Mwaka wa themanini na sita, baada ya maulidi, pua ya Hafidha ikaharibika. Yalianza makamasi mazito ya rangi ya kijani, kisha yakaja na uvundo wa kumkimbiza mtu. Mchezo nao ukafa. Alisogezewa miski, Hafidha akanusa, akasema, "Maji."

Bi Harusi alishikwa na hofu, na hofu yake aliitibu kwa alichokijua. Asubuhi alimfunika mtoto leso juu ya chetezo cha ubani, jioni akamfunika juu ya chetezo cha udi, na kabla ya kulala akamtia matone ya mafuta ya habasoda. Hindu alipotaja hospitali, aliambiwa mafua hayapelekwi hospitali. Wiki ya sita ikaingia. Siku moja walikwenda kupatana udi kwenye nyumba yenye arusi ya mwezi ujao, na mama wa bibi arusi akajiziba pua kwa ncha ya buibui, akauliza kama mna panya amekufa. Hafidha alijificha nyuma ya bibi yake. Bi Harusi alimshika mkono, akaaga.

Kesho yake walikuwa hospitali. Daktari alikuwa kijana wa Vitengeni aitwaye Mwambire, na Bi Harusi alipomwona alivyo mdogo moyo wake ulisinyaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alijibu kwa ncha ya ulimi.

"Haya makamasi yanatoka tundu gani?"

"La kushoto," alisema Hindu. "Siku zote ni la kushoto."

"Mafua hayachagui tundu, mama. Humu mna kitu." Akamulika kwa tochi, kushoto kisha kulia, akaangalia kitambo. "Na hili zima limevimba kwa moshi. Nyumbani mnamfukiza?"

Hindu, kwa heshima, alimwachia mama yake ajibu. Bi Harusi aliona uso unamwaka moto. Tundu moja lilizibwa na kitu asichokijua, na la pili alikuwa amelifunga yeye kwa mikono yake.

"Ni mimi, mwanangu," alisema. "Namfukiza mara mbili kwa siku."

Mwambire hakumlaumu. Alimtia mtoto dawa ya matone ya kupunguza uvimbe, wakangoja. Kisha akamwambia Bi Harusi ampakate mjukuu wake na amtie mdomo mdomoni. "Mimi nitaziba tundu la kulia. Wewe puliza mara moja, kama unavyowasha makaa ya chetezo."

Bi Harusi alipuliza. Kitu kilisogea hadi ukingoni mwa tundu, na daktari akakivuta kwa kibanio, akakiangusha katika kisahani cha bati. Ilikuwa punje ya karafuu, nyeusi, imevimba, kichwa chake bado kipo.

"Nani alikutia hii?" aliuliza Hindu.

"Mwenyewe," Hafidha alisema, akaelekeza kidole kwenye kipini cha dhahabu puani mwa bibi yake, ambacho kichwa chake, ukikitazama vizuri, ni kama cha karafuu. "Nilivaa kipini kama cha Bibi. Kikaingia ndani."

Bi Harusi alilia pale pale mbele ya wagonjwa, na hakuona haya.

Daktari alipiga moshi marufuku kwa wiki tatu, akaagiza mtoto asafishwe pua kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Nyumba iliyonukia tangu Bi Harusi alipoolewa ikakaa bila chetezo. Wateja waliambiwa wangoje, na asiyeweza kungoja atafute kwingine. Maji ya chumvi aliyatia mwenyewe, hakumwachia hata Hindu.

Zilipokwisha wiki tatu alitoa jiko uani, akaanza kupika udi wa ile arusi. Mama wa bibi arusi alikuja na wenzake kungoja, na Bi Harusi akawa anakoroga huku anawahadithia. Hafidha alikuwa mbali, amekaa kizingitini na mwanasesere wake wa matambara.

"Bibi," aliita, "sukari yaungua."

"Haiungui, mjukuu wangu."

"Yaungua."

Bi Harusi akainamia sufuria, akanusa. Alisikia utamu tu. Akanusa tena, kisha akapitisha mwiko chini kabisa, na mwiko ukaja na uzi mweusi mwembamba. Akaitua sufuria chini upesi. Miaka sitini na mitatu, na hapo ndipo pua yake iliposhindwa na pua nyingine.

Alidhani ataumia. Badala yake alijaa furaha mpaka kifua kikawa chembamba, akamgeukia mama wa bibi arusi.

"Umemsikia? Kutoka mlangoni."

Kisha akavuta kibao cha pili, akakiweka karibu na jiko, upande ambao upepo hauleti moshi.

"Njoo ukae hapa, Hafidha. Mimi nitakoroga, wewe uniambie."