Kiroba cha Hajira

Mimi Mama Abbasi sina jicho baya. Nalisema mapema, kwa sababu kwenye jengo letu hapa Mchafukoge kuna watu wakipata jambo la heri wananiona mimi tu wa kufichwa.

Asubuhi ile ilikuwa zamu yangu ya kufagia ngazi. Mlangoni kwa Mama Hajira nikakuta kiroba kichafu, ndani yake sanduku la bati linanuka samaki aliyevunda. Nikagonga, kimya. Jamani, nani anaweka uvundo njiani kwa watu? Zakayo, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa anapita chini na mkokoteni wake. Nikamwita akakibeba, nikamwaga maji ya sabuni, roho yangu ikatulia.

Sijamaliza chai, Hajira huyo kanivamia. Hata shikamoo hakunipa.

"Mama Abbasi, umeona kiroba mlangoni kwetu?"

"Nimempa Zakayo. Kwani siku hizi mnauza samaki?"

Msichana akakaa sakafuni, puu! Ndipo siri ikamtoka. Sanduku lile ni mashine aliyoibuni mwenyewe: inanusa samaki, na akiwa ameoza inawasha taa nyekundu; uvundo ule ni wa samaki aliokuwa akiijaribia. Iko moja tu. Amealikwa kwenda kuionyesha ng'ambo kwenye tamasha la teknolojia, na ndege inaondoka jioni hiyo hiyo. Wameitia kwenye kiroba kichafu makusudi, jirani asijue kuna safari. Mama yake akakitoa nje kwa sababu ya harufu, wakaenda Kariakoo kununua begi.

"Jirani gani asijue?" nikamuuliza.

Akaangalia sakafu. Iliniuma, wallahi iliniuma. Lakini mkono uliokitoa kiroba ni wangu, na mtoto akikosa safari hii, mtaa mzima utasema: si tulisema, yule mama ana kijicho?

"Nyanyuka," nikamwambia. "Zakayo anapeleka mizigo yake mtaa wa Gerezani, kwenye vyuma chakavu."

Magari yalikuwa yamefungana, hayaendi. Tukakata mitaa ya Kariakoo kwa miguu, gauni langu la dera nimelikunja mkononi, nasukuma watu. "We mama vipi?" "Pisha huko!" Goti linaniuma, Hajira mbele analia huku anakimbia.

Tukamkuta Zakayo amechuchumaa, kifuniko kishatoka, nyaya zimening'inia nje, nyundo iko juu.

"Zakayo! Ukigonga, na mimi nakugonga!"

Akaganda. "Mama Abbasi, si wewe umenipa?"

"Nimekupa, sasa nakunyang'anya! Weka chini!"

Hajira akapiga magoti mavumbini, akaanza kurudisha nyaya mahali pake. Akabonyeza. Kimya. Akabadilisha, akabonyeza tena. Kimya. Waya ukamponyoka.

"Basi, Mama Abbasi. Imekufa."

"Ikufie wapi! Utalia ukishapanda ndege. Unganisha!" Nilimfokea. Nikamshikia tochi ya simu, nikawa nasoma kila dua ninayoijua.

Taa ikawaka, kijani. Akakisogeza karibu kile kiroba chenye uvundo wa samaki: nyekundu! Nikapiga vigelegele pale pale katikati ya vyuma, Zakayo naye akarusha kofia juu.

Tuliporudi, teksi ilikuwa inasubiri na Mama Hajira amesimama na begi, uso umempauka. Hakunisalimu. Sanduku nililibeba mwenyewe, nikaliweka kwenye mapaja ya binti yake.

"Haya mwanangu, unaenda nchi gani?"

Hajira akafungua mdomo. Mama yake akamuwahi.

"Anaenda Morogoro mara moja."

Na pasipoti iko mkononi mwa mtoto, tunaiona wote watatu! Maneno yalinijaa mdomoni, tena ya moto, maana mimi si mtu wa kumeza. Nikamtazama Hajira. Macho yamemvimba kwa kulia, na sasa aibu imemwinamisha kichwa. Nikaingiza mkono dirishani, nikamfuta vumbi shavuni.

"Basi usisahau koti, mwanangu," nikasema. "Nasikia Morogoro siku hizi kunaanguka theluji."